Bitana ya Sare

Kamati ya Sare ya Umoja wa Akina Mama wa Jumuiya ya Kiswahili, Dallas–Fort Worth, inapenda kuwatangazia wanachama wote kwamba kitenge cha Jubilei ya Miaka Kumi kimewasili salama kutoka Dar es Salaam, isipokuwa jora moja lililoingia unyevu. Wanachama wanakumbushwa kwamba kitenge hiki ni vazi, si kitambaa. Hakitakatwa mapazia, mito, vitambaa vya meza, wala nguo ya mtu asiye mwanachama. Fundi pekee aliyeidhinishwa kukikata ni Mama Rogers wa Euless.

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili katika ukumbi wa parokia moja ya Carrollton, Oktoba 2019: mara ya kwanza kwa waliokuwamo, mara ya pili kwa waliokuwa wamekwenda kuchukua chai. Lilisomwa na mwenyekiti, Mama Flaviana, muuguzi mwenye sauti ya kusoma majina ya wagonjwa. Bertila, ambaye ndiye Mama Rogers, alisimama, akapokea majora sita na ufunguo wa kabati la ukumbi, akapigiwa makofi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akishona mchana katika karakana ya kurekebisha sare za wahudumu wa ndege karibu na kiwanja, na jioni katika sebule yake. Hii ilikuwa mara ya kwanza kupigiwa makofi kwa kazi yake, na aliona haya kugundua kwamba amefurahi.

Mumewe, Kalisti, alipiga makofi kutoka kwenye benchi la wanakwaya. Siku za kazi alipakia mizigo kwenye ndege. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, na hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mwalimu.

Rogers mwenyewe, aliyempa mama yake jina analoitwa, hakuwa ameonekana Carrollton tangu Pasaka ya 2018. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, akisomea uimbaji katika chuo kimoja cha Houston. Waliouliza walijibiwa kwamba ana masomo mengi. Jambo lenyewe lilikuwa fupi zaidi. Jioni ya Pasaka ile Rogers alimwambia baba yake, kwa adabu na akiwa amesimama, kwamba anapenda wanaume, na kwamba ameacha kuimba sauti ya nne, ile nzito, aliyopangiwa, kwa sababu koo lake ni la sauti ya kwanza, ile ya wanawake. Haijulikani ni lipi kati ya hayo mawili lililomuumiza Mwalimu zaidi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Usije hapa mpaka nitakapokuita." Hakumwita.

&nbsp;

Mwezi Desemba Rogers alimpigia mama yake saa ya mapumziko. Bertila alikuwa akila wali ndani ya gari, heta ikiwa imewashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna gauni. Ni la opera. Unaweza kunishonea?"

"La nani?"

"La mwimbaji mmoja hapa. Anaigiza malkia."

"Houston nzima haina fundi?"

"Wapo. Wa bei nafuu kabisa anataka dola mia tisa, na hajui kushona bitana kwa mkono."

Bertila aliweka kijiko chini. "Nipe vipimo."

Rogers alimsomea, naye akaandika nyuma ya bahasha. Kifua arobaini na moja. Kiuno thelathini na nne. Nyonga thelathini na nane.

"Huyo malkia hana nyonga," alisema Bertila.

"Wapo wa namna hiyo, mama."

"Mabega?"

"Kumi na nane na nusu."

"Yako sawa?"

"La kushoto limeshuka kidogo."

"Nusu inchi."

"Nusu inchi, ndiyo. Umejuaje?"

"Mimi ni fundi," alisema Bertila.

Bega hilo Bertila alilifahamu. Rogers alikuwa na miaka tisa, kijijini kwao Kamachumu, alipoanguka kutoka kwenye kigoda akavunjika mtulinga wakati wa Misa ya Krismasi. Baba yake ndiye aliyemsimamisha pale ili watu wa nyuma wamwone akiimba.

Rogers alieleza opera yenyewe kwa haraka, kama mtu anayelipia dakika. Ilikuwa ya Kitaliano, ya miaka mia tatu iliyopita. Malkia wa Kiyahudi anaishi katika nyumba ya mfalme asiyejua kabila la mkewe, na kabila hilo linapangiwa kuuawa. Zamani malkia huyo aliimbwa na mwanamume mwenye sauti ya juu, na mbele ya maaskofu, pasipo mtu kuitisha kikao. Sasa mzee mmoja aitwaye Nathan Gelber alikuwa akiiandaa upya kwa ajili ya Purimu, sikukuu ambayo Wayahudi huvaa vinyago, na wanaume wengine huvaa kike, tangu enzi za mababu zao.

"Huyo Nathan ni Myahudi kweli?" aliuliza Bertila. "Wa kwenye Biblia?"

"Wa Houston, mama. Yeye mwenyewe huimba akiwa na gauni na wanja. Inaitwa drag. Alikuwa na duka la magodoro, ndilo amelifanya ukumbi. Bibi yake alishuka meli pale Galveston akiwa mtoto, akashona makoti maisha yake yote. Alikuwa fundi kama wewe. Majirani hawakujua kabila lake mpaka alipokufa, walipokuta ndani ya bitana za makoti yake mwenyewe vipande vya nguo za kwao. Basi Nathan anataka kila mwimbaji alete kitambaa cha nyumbani kwao, kiwe bitana."

"Cha nini, na bitana haionekani?"

"Ndiyo maana yake, mama," alisema Rogers.

&nbsp;

Bertila alishona gauni hilo mwezi mzima wa Januari, hariri ya bluu iliyokolea, yadi tisa. Kwa bitana alitumia masalio ya kitenge cha Jubilei. Tusimsingizie ujasiri. Alikuwa na masalio mengine kabatini, ya maua na ya mistari, nayo yalikuwa mazuri. Alichagua sare kwa hesabu ya kifundi: mwanawe hataivaa kamwe mbele ya watu, basi na aivae mahali wasipoiona. Aliunganisha vipande ishirini na tatu. Katikati ya mgongo, kwa kuwa ndipo palipohitaji kipande kikubwa, palikaa maandishi: *Umoja wa Akina Mama, Tumetoka Mbali*.

Kalisti alirudi kazini akalikuta gauni limetundikwa mlangoni. Alilitazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

"La nani?"

"La mteja wa Houston."

Alisogea. Alinyoosha kidole, akagusa bega la kulia, kisha la kushoto. Mkono wake ulibaki kwenye la kushoto muda mrefu kuliko inavyohitajika kugusa hariri.

"Umelikata upande," alisema.

"Ndivyo mteja alivyo."

Kalisti alikwenda kunawa. Tangu siku hiyo hadi gauni lilipotumwa, aliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni.

&nbsp;

Onyesho lilikuwa Jumapili, tarehe nane Machi 2020. Bertila hakwenda. Rogers alimwomba mara moja tu, naye akajibu kwamba wiki ijayo kutakuwa na onyesho la pili, ataona.

Aliyekwenda ni Fortunée, Mkongomani anayetunza wazee Houston, ambaye alimsukuma bibi mmoja wa Kiyahudi kwenye kiti cha magurudumu hadi safu ya mbele. Fortunée hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililofanya madhara kuwa makubwa. Alirekodi dakika nne za mwisho. Katika dakika hizo malkia, akiwa na taji, wanja na ndevu zilizochongwa vizuri, anamwambia mfalme kabila lake. Haanzi kwa maneno. Anavua gauni, analigeuza ndani nje mbele ya watu mia moja na ishirini, analivaa tena, na anawapa mgongo. Ndipo anapoimba. Fortunée aliituma kwenye kundi la simu la jumuiya nzima na kuandika: *Jameni, kitenge yetu imefika mu opera.*

Wanawake wa Carrollton walitambua kitenge kwa dakika mbili. Sauti waliitambua kwa dakika arobaini. Baada ya hapo kundi lilinyamaza, na katika jumuiya ile kimya cha kundi kilikuwa ndiyo njia ya kuzungumza kila mtu na mwenzake pembeni.

Kalisti aliitazama akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba yao. Bertila alimwona kutoka dirishani, taa ya simu ikimulika kidevu. Aliitazama mara tatu. Alipopanda juu alivua viatu, akavipanga, akasema, "Amepumua katikati ya neno. Sikumfundisha hivyo."

"Ndilo uliloona?"

"Ndilo nililosikia."

&nbsp;

Jumatano wageni walifika: Mama Flaviana, na Mado, katibu wa kamati, mama wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye ghala la Mansfield. Walikataa juisi, wakakubali chai, kisha hawakuinywa. Habari za ugonjwa zilikuwa zimeanza, na Mama Flaviana alipanguza kiti kwa karatasi kabla ya kukaa. Alisema ni kwa ajili ya virusi.

"Mama Rogers, hatujaja kwa ubaya," alianza.

"Karibuni."

"Siye tumekuya kuuliza tu," alisema Mado. "Ile kitenge ya ndani ni ya jubilei, ao hapana?"

"Ni masalio yake."

"Masalio ya sare ni sare."

"Mto ulikatazwa," alisema Bertila. "Pazia lilikatazwa. Bitana haikutajwa."

Mama Flaviana alitazama ukutani, kwenye picha ya Rogers ya Kipaimara. "Nani angeitaja? Nani angefikiri? Mimi kitenge hicho nimekivaa mbele ya askofu. Sasa nikikivaa, watoto wangu wananiuliza kama nakwenda kuimba kwenye duka la magodoro."

"Watoto wako wana akili ya kuchekesha."

"Wanaielewa intaneti, Mama Rogers. Nakuuliza kama dada: ulikusudia?"

Hilo ndilo swali Bertila alilokuwa amejiandalia. Alikunja mikono. "Sikukusudia. Niliweka ndani kwa kuwa bitana haionekani."

Mado aliandika. Alikuwa na daftari la mistari na aliandika polepole, akirudia maneno kwa midomo.

Wakati huo Kalisti aliingia kwa mlango wa jikoni. Wanawake waliinuka nusu, kwa heshima ya Mwalimu, wakaketi tena.

"Mwalimu, pole," alisema Mama Flaviana.

"Pole ya nini? Hakuna aliyekufa."

"Tunalipeleka kwenye kamati. Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, kwa simu, maana parokia inafunga ukumbi. Ulitaka kusema lolote?"

Kalisti alifikiri. Alikuwa mtu aliyeongoza sauti arobaini kwa fimbo ndogo, na ndani ya nyumba yake alikuwa akitafuta mtu wa kumshikia fimbo hiyo. "Kamati itakavyoamua," alisema, "nami nitafuata hivyo hivyo. Hata kuhusu mtoto. Mkisema aje, atakuja. Mkisema asije, nimesikia."

Bertila alimtazama. Mama Flaviana alichezea mkoba. Mado aliuliza kama hilo nalo aliandike.

Walipoondoka, waliomba ufunguo wa kabati la ukumbi. Kwa muda tu, walisema. Bertila alikwenda kuutoa kwenye kopo la vifungo, akakosea, akawaletea ule wa sanduku la barua, ikabidi arudi tena wakiwa wamesimama mlangoni.

&nbsp;

Onyesho la pili halikufanyika. Jiji lilikataza mikusanyiko, na duka la magodoro likafungwa kwa mara ya pili katika maisha yake. Nathan Gelber alipata homa, akahamishiwa kwa dada yake, ambaye hakutaka wageni. Siku chache baadaye chuo kiliwaandikia wanafunzi barua ya upole sana ikiwataka watoke kwenye mabweni kabla ya saa sita mchana Jumapili, tarehe ishirini na mbili. Barua ilisema *rudini majumbani kwenu*, kana kwamba nyumbani ni kitu ambacho kila mtu anacho.

"Nimempigia simu kila mtu," Rogers alimwambia mama yake Ijumaa. "Wote wana wazazi wazee, au wana chumba kimoja. Ninalo gari. Mama, naweza kuja?"

"Baba yako anangoja kamati."

"Kamati gani?"

"Ya sare."

Rogers hakucheka. Alikuwa amelelewa katika jumuiya ile na hakuona la kushangaza. "Wanakaa lini?"

"Jumapili, saa tisa."

"Nikitoka hapa saa sita sitakuwa nimefika saa tisa. Nitatoka asubuhi." Kisha alisema kwa sauti ya chini, "Mama, gauni lilipofika, nikafungua ndani nikaona yale maandishi, nilikaa chini. Nilijua litageuzwa. Nilidhani na wewe umejua. Nilimwambia Nathan, mama yangu amenipa sare. Ulikusudia, au sivyo?"

Bertila alikuwa jikoni. Kalisti alikuwa sebuleni, akisoma nota za nyimbo za Pasaka ambazo hakuna mtu angeziimba mwaka ule.

"Nilikusudia," alisema Bertila.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba alijibu swali moja mara mbili, na jibu la kweli akawapa watu wasiolihitaji.

&nbsp;

Jumapili saa nane na nusu gari dogo la kijivu liliingia kwenye maegesho ya nyumba yao, Euless, na kusimama mbali na lango, chini ya njia ya ndege, ingawa ndege zenyewe zilikuwa zimepungua hata ukimya wa mahali pale ukawa mgeni. Rogers hakushuka. Bertila aliona kupitia dirishani sanduku kwenye kiti cha mbele, mto, sufuria aliyompa mwaka wa kwanza, na nyuma, limetundikwa kwa uangalifu ili lisikunjamane, gauni la bluu.

"Amefika," alisema.

"Nimeliona gari," alisema Kalisti. Hakuwa ameinua macho.

"Shuka ukamsalimu, basi. Salamu haihitaji kamati."

"Nikimsalimu, nitasema karibu. Huwezi kumsalimu mtoto aliyetoka safari usimkaribishe. Na mimi nimewaahidi watu nitasubiri."

"Umewaahidi watu wa vitenge."

"Ni watu," alisema Kalisti. "Ndio tulio nao hapa."

Saa tisa simu ililia, naye akaiweka mezani, sauti ikiwa wazi. Walikuwamo wajumbe saba. Mjumbe mmoja alikuwa akikaanga kitu. Mwingine alijadili dakika kumi kama bitana ni sehemu ya vazi au ni sehemu ya ushonaji. Mjumbe wa tatu alisema kwamba, ikigeuzwa nje, inakuwa vazi kwa muda ule tu, kisha inarudi kuwa bitana. Hoja hiyo iliungwa mkono na wawili. Hakuna aliyetaja jina la Rogers. Walisema *yule mvaaji*. Mtu alinong'ona, akidhani amezima kipaza sauti, "Lakini shoga yule anaimba, jamani, mimi nililia," na mwenyekiti akaomba nidhamu.

Bertila alisimama dirishani wakati wote. Kule chini Rogers alikuwa amelaza kiti, mkono wa kushoto nje ya kioo, akipiga mlango kwa vidole vinne kama mtu anayehesabu mapigo ya mwimbo.

Kura zilipopigwa, Kalisti aliinama kwenye simu. "Mama Mwenyekiti. Na mtoto?"

"Mtoto gani, Mwalimu?"

"Wangu. Yuko hapa chini. Nilisema nitafuata mtakavyoamua."

Mafuta yalisikika yakichemka kwenye nyumba ya mjumbe. Mama Flaviana alikohoa. "Mwalimu, kwa kweli, Kamati ya Sare haina mamlaka juu ya watoto wa watu. Hilo halimo kwenye ajenda. Sisi tunaamua kitambaa."

"Basi nisomeeni hicho mlichoamua," alisema Kalisti, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile Bertila aliona mikono yake haijui pa kukaa. "Nifuate kitu."

Mado alisafisha koo. Alisoma kwa Kiswahili sanifu alichokiandaa kwa ajili ya kumbukumbu, polepole, akisimama kwenye kila nukta.

"Kamati ya Sare, katika kikao chake cha dharura cha tarehe 22 Machi 2020, imeamua yafuatayo. Moja, fundi hakukusudia, na hana hatia. Mbili, bitana iliyogeuzwa nje mbele ya watu ni sare, hivyo haiwezi kubaki mikononi mwa asiye mwanachama. Tatu, kitambaa hicho kirudi nyumbani kwa fundi aliyekishona, leo hii ikiwezekana, akifumue kwa mkono wake na kukikabidhi kwa katibu. Nne, kwa kuzingatia ugonjwa uliopo, fundi akipokee mlangoni, na aliyekileta asiingie ndani."

"Nimesikia," alisema Kalisti.